Kulicheua Neno: kutafakari Kikristo katika nyumba yenye watu wengi

"Bali wewe usalipo, ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini." Mkristo wa mjini Unguja akiusoma mstari huu wa Mathayo 6:6 ana haki ya kuuliza: chumba kipi? Nyumba ina vyumba viwili na ukumbi, watu saba, na mlango wenyewe ni pazia. Nje kuna pikipiki, muuza mikate na baiskeli yake, na redio ya jirani inayofunguliwa kabla jua halijatoka. Wengi hapo hukata shauri kwamba kutafakari ni kazi ya masista na wamonaki, au ya wenye nyumba kubwa za shamba. Shauri hilo linawanyima watu chakula chao, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu mashaka mengi yanatoka hapo. Tukisikia "kutafakari" tunamwona mtu amenyamaza, amefumba macho, anawaza. Lakini Zaburi 1:2 inaposema mwenye haki sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku", kitenzi cha Kiebrania kilichopo pale ni hagah, na hicho ni kitenzi cha sauti: kunong'ona, kuguna, kusema chini kwa chini. Ndicho kinachotumika kwa hua anayelia kwa huzuni, na kwa simba anayenguruma juu ya windo lake katika Isaya 31:4. Yoshua naye aliambiwa kitabu cha torati "kisiondoke kinywani mwako", kisha ndipo akaambiwa ayatafakari maneno yake. Kinywa kinatangulia, moyo unafuata. Mababa wa Kanisa la kale walipenda mfano wa mnyama anayecheua: ng'ombe amekwisha kula, amelala chini ya mwembe, na bado anatafuna, taratibu, kilekile alichokula asubuhi. Kiswahili kimetupa neno hilo bure. Anayetafakari analicheua Neno.

Ukilishika hilo, shida ya chumba inapungua nusu. Kucheua hakuhitaji ukimya wa nje. Kunahitaji tonge moja, na muda.

Tonge lenyewe lisiwe kubwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea mwanzoni kabisa: wanachukua sura nzima ya Biblia, wanaisoma kama gazeti, kisha wanafumba macho wakingoja kitu kitokee. Chukua mistari miwili, mitatu kwa wingi. Guigo wa Pili, mmonaki wa shirika la Wakartusi, Ufaransa, katika karne ya 12, alizipanga hatua nne zinazotumika mpaka leo: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Alieleza kwa lugha ya chakula: kusoma kunatia chakula mdomoni, kutafakari kunakitafuna, kuomba kunatoa ladha yake, na kutulia ndio utamu wenyewe.

Tuchukue Zaburi 131:2 tuifanyie kazi. "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha. Kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Isome kwa sauti ya chini, polepole, mara tatu, ukipumzika kidogo kati ya mara moja na nyengine. Mara ya kwanza sikiliza maneno tu. Mara ya pili angalia ni neno gani linakukwaza au kukushika. Tuseme limekushika "aliyeachishwa". Simama hapo, usiendelee. Mtoto anayenyonya akipakatwa na mama yake hatulii, mikono inatafuta ziwa, kilio kipo karibu. Aliyekwisha kuachishwa akipakatwa hatafuti chochote. Amekaa kifuani kwa sababu ni kifua cha mama. Na kumwachisha mtoto si jambo la siku moja. Kuna usiku wa kulia, kuna kupakwa shubiri. Basi nafsi iliyotulia ni ile iliyopita katika kilio hicho na sasa inamtaka Mungu mwenyewe, hata mkono wake ukiwa mtupu. Hapo umekwisha kutafakari. Sasa umwambie Mungu lile lililozuka, kwa maneno yako ya kawaida: ni kitu gani ninachokuja kukidai kwako kila siku kama mtoto anayedai ziwa? Baada ya hapo nyamaza. Neno "aliyeachishwa" likirudi, lirudie. Lisiporudi, kaa. Dakika 20 zinatosha kwa yote haya: kama tano za kusoma, saba au nane za kutafuna na kuomba, zilizobaki za kukaa kimya.

Njia ya pili ni fupi zaidi kwa maneno, na ndiyo inayofaa zaidi nyumba yenye kelele: sala ya neno moja au sentensi moja inayorudiwa. Yohane Kasiano, aliyekaa na wamonaki wa jangwa la Misri na kufariki yapata mwaka 435, aliandika kwamba wao walishika mstari mmoja tu kwa kila hali, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima", ulio Zaburi 70:1. Wakristo wa Mashariki, yaani Waorthodoksi, wana Sala ya Yesu: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Katika karne ya 20, John Main, mmonaki Mbenedikto aliyefariki 1982, alifundisha watu wa kawaida, wenye kazi na watoto, warudie neno la Kiaramu "Maranatha", yaani "Bwana wetu, njoo", kwa nusu saa au angalau dakika 20 asubuhi na jioni. Neno hilo liko 1 Wakorintho 16:22, limeachwa kwa Kiaramu chake katika Biblia yetu. Hutamkwa silabi nne zenye urefu sawa: ma-ra-na-tha.

Kwa mtu wa visiwani mimi napendekeza sala ya mtoza ushuru, Luka 18:13: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Sababu yangu ni lugha. Biblia ya Union ya mwaka 1952, iliyo katika nyumba nyingi za Kikristo, imejengwa juu ya Kiunguja, na kabla yake Askofu Edward Steere alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko hapahapa Unguja. "Niwie radhi" ndiyo tunayomwambia mtu tuliyemkanyaga mguu sokoni Darajani, au jirani tuliyemchelewesha barazani. Basi unapomwambia Mungu "uniwie radhi", unatumia adabu uliyolelewa nayo. Neno halihitaji kuingia moyoni kutoka mbali, limekwisha kuwemo. Mstari mrefu wenye maneno ya fahari huchosha ulimi kabla ya dakika ya tano, lakini huu haukuchoshi.

Ukichagua neno, kaa nalo. Usibadilishe wiki hii Maranatha, wiki ijayo Sala ya Yesu. Neno linashuka kwa kuzoea, kama njia ya miguu kondeni: ukipita kila siku mahali papya, majani hayafi. Jipe angalau miezi mitatu na neno moja kabla ya kuamua kwamba halikufai.

Sasa kukaa. Mkeka wa ukili juu ya sakafu unafaa sana, lakini kaa juu ya kitu kilichoinuka kama kiganja kimoja na nusu, mto uliokunjwa au kanga mbili tatu zilizokunjwa pamoja. Nyonga zikiwa juu kidogo kuliko magoti, mgongo unanyooka wenyewe. Ukikaa bapa sakafuni mgongo unapinda, kifua kinabanwa, na baada ya dakika kumi ni ganzi ya mguu na usingizi. Mwenye magoti mabovu akae kwenye kiti au kigoda, nyayo zote mbili zikigusa chini, mikono mapajani. Kuegemea ukuta kunaruhusiwa kwa mgonjwa na mzee. Kwa kijana ukuta ni mwanzo wa kusinzia. Kitandani usikae kabisa, kwa sababu mwili unajua kitanda ni cha nini.

Joto nalo ni la kufikiriwa. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, chumba kilichofungwa baada ya saa mbili asubuhi hakikaliki. Kaa alfajiri, au kaa nje ya mlango wa uani baada ya kuoga. Feni ikiwepo iwashe, mvumo wake unafunika kelele nyingine. Umeme ukikatika, ukae panapopita upepo, na jioni ujifunike kanga miguuni kwa ajili ya mbu. Mbu mmoja ana nguvu ya kuvunja sala ya dakika 20, na sioni fahari yoyote ya kumvumilia kama unaweza kukaa ndani ya chandarua kilichoning'inizwa.

Simu izimwe mlio na data, iwekwe kengele ya upole, kisha igeuzwe kifudifudi. Bila kengele utafungua macho mara sita kuangalia saa. Asiyetaka simu atumie kamba ya mafundo 100, kama wafanyavyo Wakristo wa Mashariki: sala moja kwa kila fundo, ukienda sekunde kumi kwa sala, ni kama dakika 17. Wenye rozari wanaweza kutumia makumi yake vilevile.

Pumzi iachwe kama ilivyo. Wapo wanaofundisha kuvuta pumzi kwa "Bwana Yesu Kristo" na kuitoa kwa "unihurumie", na ni njia nzuri, lakini neno ndilo lifuate pumzi. Ukianza kuilazimisha pumzi iende mbio au iwe nzito ili "kupata nguvu", hewa ya ukaa inapungua mno mwilini: utaona kizunguzungu, vidole vitawashawasha, midomo itakufa ganzi. Watu wamewahi kudhani huo ni upako. Ni mwili tu. Punguza, pumua kawaida, itapita baada ya dakika chache.

Mawazo yatakuja. Deni la duka, ada ya skuli, maneno aliyosema wifi. Kosa si kuwaza, kosa ni kupigana. Anayeshindana na wazo amekwisha kuliacha neno na sasa anashughulika na wazo, hata kama kwa ugomvi. Ukigundua umeondoka, rudi kwenye neno bila kujilaumu, kama mama anayemrudisha mtoto mkekani mara ya ishirini. Ukirudi mara hamsini katika dakika 20, umeomba mara hamsini.

Usingizi ukija kila siku, chunguza kwanza saa za kulala. Aliyelala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja hana tatizo la roho, ana deni la usingizi. Alale mapema, au ahamishe kikao kiwe jioni kabla ya kula. Baada ya sahani ya wali na mchuzi usijaribu.

Uchovu wa roho ni kitu kingine, nao ndio unaowatoa wengi njiani, kwa kawaida baada ya wiki za mwanzo zilizokuwa tamu. Evagrio wa Ponto, mmonaki wa Misri aliyefariki 399, aliuita pepo wa adhuhuri, akiutazama mstari wa Zaburi 91:6 unaotaja "uele uharibuo adhuhuri", uele maana yake ugonjwa. Alieleza dalili zake kwa macho makali: mtu anaona jua halisogei, anatazama mlango kama yuko mgeni anayekuja, anachukia mahali alipo, anaanza kufikiria angekuwa kwingine angesali vizuri. Sisi tunasema: ningekuwa na chumba changu, ningekuwa shamba, watoto wakikua. Dawa yake walioijua jangwani ni moja, kukaa. Usipunguze hata dakika moja siku ile unayoona kavu. Ukipunguza leo kwa sababu ya ukavu, kesho ukavu utakuja mapema zaidi.

Jambo la mwisho katika vikwazo hivi linahitaji uangalifu. Kwa mtu aliyepitia msiba mzito au mateso, kimya kinaweza kufungua kilichofungwa, akalia asijue kwa nini, au akapata hofu usiku. Machozi ya siku moja mbili si neno. Yakiendelea, au moyo ukizidi giza, aache kukaa kimya kwa muda, asali Zaburi kwa sauti pamoja na wenziwe, azungumze na padri au mchungaji anayemwamini, na aende hospitali bila aibu.

Kuna ndugu wanaouliza kama kurudia neno si kule "kupayuka-payuka" kulikokatazwa katika Mathayo 6:7. Aya yenyewe inajibu: wale walidhani watasikiwa kwa wingi wa maneno yao. Anayesema neno moja hategemei wingi. Na katika Mathayo 26:44, Gethsemane, Bwana mwenyewe aliomba mara ya tatu "akisema maneno yaleyale".

Kikao cha asubuhi ni kupanda mbegu tu. Mchana ndio unaoonyesha kama imeshika. Agostino, askofu wa Hippo, katika barua aliyomwandikia mjane Proba, aliwataja ndugu wa Misri waliokuwa na sala fupi mno zinazorushwa kwa ghafla kama mishale, ili uangalifu wa moyo usilegee. Kazi za mikono za visiwani zimeumbwa kwa sala hizo. Mwangalie mwanamke wa Pemba anayechambua karafuu jioni. Shada liko mkono mmoja, linasukumwa juu ya kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaachia na kuanguka upande huu, makonyo yanatupwa upande ule. Macho hayana haja ya kutazama, mikono inajua. Akili ndiyo iliyobaki bila kazi, na akili isiyo na kazi hukimbilia umbea au wasiwasi. Mpe mstari wa Kasiano. "Ee Mungu, uniokoe" shada likishikwa, "Ee Bwana, unisaidie hima" makonyo yakitupwa. Asiharakishe sala ili ilingane na mkono, wala asipunguze kazi ili ilingane na sala. Ikipotea kwa mashada kumi, aishike tena shada la kumi na moja. Anayekuna nazi ana mwendo wake juu ya mbuzi, anayefunga mwani kwenye kamba wakati wa bamvua ana fundo baada ya fundo. Palipo na mkono unaojirudia, sala inayojirudia ina mahali pa kukaa. Kazi za hesabu, kuendesha gari, na kumsikiliza mtu msizichanganye na sala hizi. Huko uangalifu wote ni wa kazi au wa mtu aliye mbele yako, na huo ndio utumishi wako wa saa ile.

Saa za siku tumezipata kwa majirani. Azana ya alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha inasikika kila mtaa, na Mkristo anayeilalamikia kwamba inamvurugia sala anapoteza kengele bora kuliko zote. Ikianza, nyamaza, sema neno lako mara tatu moyoni, endelea na kazi. Ramadhani mtaa unaamka kwa daku kabla ya alfajiri. Amka nao, kaa mkekani wakati wao wanakula. Waislamu wenzetu wanajua uradi ni nini na hawatashangaa kukuona midomo ikicheza. Ila sauti yako ibaki chini, na mchana usile mbele yao kisha ukajiona mtu wa sala.

Anayetaka mahali pa kukaa nje ya nyumba, mjini pana Minara Miwili, kanisa kuu la Katoliki, na pana kanisa kuu la Anglikana Mkunazini. Mkunazini nenda mapema kabla ya wageni kujaa. Kanisa lile limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na inasimuliwa kwamba altare imewekwa pale uliposimama mti wa kuwachapia. Ukikaa pale na sala ya "uniwie radhi", usiikimbize iwe ya dhambi zako ndogo ndogo tu. Iache ibebe na yale yaliyotendwa juu ya ardhi ile.

Usiku, kabla ya kulala, dakika tano za kuichunguza siku kama alivyofundisha Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti: shukuru, omba mwanga, ipitie siku saa kwa saa, omba radhi, itazame kesho. Lala.

Kumaliza kikao nako kuna adabu yake. Kengele ikilia usikurupuke. Sema Baba Yetu polepole, fungua macho, nyoosha miguu mpaka ganzi iishe, ndipo usimame na kukunja mkeka. Na ukikosa siku, kwa safari ya boti, kwa mtoto mgonjwa, au kwa uvivu tu, usijaribu kulipa deni kwa kukaa saa nzima siku inayofuata. Waliokosa wiki warudi na dakika kumi kwa siku tatu, kisha ishirini, neno lilelile, mahali palepale.